Kwa Mama Mzazi wa Aliyeitunga Zamu

Kitengo cha Ubunifu,
Ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na printa mbovu.

Mama yetu mheshimiwa,

YAH: BINTI YAKO

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali penye hewa, na miwani yako iko karibu, maana ni ndefu na wino wa printa yetu umefifia upande wa kushoto.

Najua kichwa cha barua kimekushtua. Tulia, Mama. Hajafungwa, hajaugua, hajapata ajali. Tatizo ni kwamba yuko salama salimini, anaishi maisha yake, na sisi huku tunateseka.

Utakumbuka nilikupigia simu kwa jambo hili hili. Nilikuwa nimejiandaa, hoja zangu nimezipanga kwenye karatasi, na mkurugenzi ameketi mbele yangu akisikiliza. Ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukauliza, "Mwanangu, umekula?" Nikasema bado. Ukasema, "Basi kale kwanza. Mwenye njaa hana neno la maana," ukakata. Nikaenda kula. Mkurugenzi alinikumbusha baadaye kwamba kampuni haiendeshwi namna hiyo. Ndiyo maana leo naandika, tena nikiwa nimeshiba.

Nianze kwa kujitambulisha vizuri. Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Ubunifu. Kitengo kina watu wawili, nami nikiwemo. Mwenzangu tunamwita Wingu, kwa sababu kila ukimwuliza faili liko wapi hujibu kwamba liko kwenye wingu, yaani huko mtandaoni. Mimi mwenyewe ni mtu wa kompyuta tangu ujana, nina maoni kuhusu kila kitu, na kila asubuhi kabla sijanawa uso husoma habari za teknolojia: nani kamnunua nani, nani kawafukuza watu kwa barua pepe, lugha gani ya programu imekufa na ipi imezaliwa juzi lakini tayari waajiri wanatafuta wakongwe wake.

Kampuni yetu inatengeneza mashine za foleni. Ile unayoikuta mlangoni hospitalini au benki, unabonyeza, inakutemea kikaratasi chenye namba, kisha unakaa ukisubiri mwanamke asiyeonekana akuite dirishani. Boksi ni letu. Rangi ni yetu, nembo ni yetu, na ile taa ya buluu ni wazo langu mwenyewe. Kinachoamua nani amfuate nani, yaani ubongo wenyewe, ni programu inayoitwa Zamu. Na Zamu, Mama, aliitunga binti yako alipokuwa chuoni, akaiachia huria.

Pengine hajawahi kukueleza maana ya programu huria. Ni kama mtu aliyechimba kisima uani kwake, akabomoa ua, akaandika ubaoni: choteni. Anayetaka kuona kamba ilivyofungwa, na aone. Anayetaka kuchimba cha kwake kwa kuiga, na aige. Sisi tulichota. Tulianza na ndoo, tukaja na pipa, sasa tumetandika bomba mpaka kwa wateja. Lakini kisima kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana tabia ambazo sina budi kukuwekea mezani, kama mzazi.

1. Kwamba haombi kitu.

Hili limemnyima mhasibu wetu usingizi. Binti yako si mfanyakazi, si mkandarasi, si mteja, si mdeni. Katika vitabu vyetu hana pa kukaa. Na mtu asiyeomba kitu, Mama, utamshika wapi? Unayemlipa unaweza kumkata mshahara. Uliyempandisha unaweza kumshusha. Huyu anateleza kama sabuni ya bafuni.

Nilishauri tumpe chochote ili tupate pa kumshikia. Kikao kikakaa, kikavunjika, kikakaa tena. Hatimaye tukampelekea fulana yenye nembo ya kampuni. Saizi ilikuwa ya mtoto, maana ndizo zilizobaki. Alishukuru kwa maandishi, akasema ni laini sana, na kwamba imemfaa kufutia vumbi.

2. Kwamba ana kazi nyingine.

Wewe unaijua kazi yake: anatengeneza vifaa vya watu wasiosikia vizuri. Sisi hatukuijua mpaka siku ile Zamu ilipoanza kuruka namba baada ya kufika mia tisa tisini na tisa. Nilipiga simu asubuhi nzima, haipatikani. Nikamfuata. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na hospitali, na anapofanyia vipimo ni chumba chenye kuta za sifongo ambamo simu haiingii wala mbu hasikiki.

Niliingia kwa kishindo, kama mtu mwenye dharura. Akaweka kidole mdomoni mwake, ninyamaze. Mbele yake alikaa bibi mmoja. Akamvalisha kifaa, akazunguka nyuma yake, akanong'ona, "Bibi, unanisikia?" Yule bibi akageuka kwa hasira, "Mbona unanipigia kelele, mtoto wewe?" Basi binti yako akacheka hadi machozi, bibi akacheka, mimi nimesimama na dharura yangu mkononi hakuna wa kuipokea.

Alipomaliza nikamweleza. Akasikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, akasema, "Sawa kaka. Nitaiangalia Jumamosi."

Jumamosi, Mama! Mkataba wetu na wateja unasema tutashughulikia tatizo ndani ya saa moja. Wateja hawajui kwamba saa hiyo ni ya Jumamosi. Kampuni nzima, yenye ghorofa tatu, mlinzi mwenye sare na kipoza hewa, imetundikwa kwenye Jumamosi ya mtu mmoja, na Jumamosi yenyewe anaianza baada ya kufua. Nilimwuliza kwa upole kama hii kazi ya masikio ni ya lazima. Alinitazama kama anayetaka kunipima na mimi.

3. Kwamba aliolewa.

Hili nalitaja kwa uchungu. Wewe ulikuwepo, ulicheza, na nasikia ulicheza vizuri. Sisi tulipata habari kwenye ukurasa wa Zamu, kama watu baki: "Sitakuwepo kwa muda, naolewa. Mtakaokuwa na haraka, someni maelezo. Mtakaosoma maelezo, hamtakuwa na haraka."

Hakuna aliyetushauri kuhusu tarehe. Sisi tusio ndugu zake, tunaomtegemea kuliko ndugu, hatukuombwa hata maoni. Ilikuwa wiki ya kufunga hesabu za mwaka. Wingu alikaa mbele ya skrini akisoma maelezo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kila baada ya ukurasa ananigeukia, "Kumbe!"

Na sasa, Mama, nasikia unakaribia kuitwa bibi. Hongera sana, tunafurahi pamoja nanyi. Lakini watu wa mauzo wameangalia ratiba, wakaona tukio hilo linagongana na toleo letu jipya. Wameniomba niulize, bila kumkwaza mtu, kama linaweza kusogezwa mbele kidogo. Kama haiwezekani tutaelewa, ila tungependa jibu la maandishi.

4. Kwamba alikataa kitufe.

Hapa naomba uvute kiti.

Mkurugenzi wetu husoma vichwa vya habari tu, kwa kuwa habari zenyewe zina maneno mengi. Wakati mmoja alisoma kwamba kila kitu kinahamia wingu. Tukahamishia huko hata ratiba ya kufagia, na mtandao ulipokatika ofisi haikufagiwa, maana hakuna aliyejua ni siku ya nani. Kisha akasoma kuhusu sarafu za kidijitali, tukabakiza kidogo tuanzishe sarafu ya foleni. Mwaka huu amesoma akili bandia. Aliingia asubuhi moja, hata koti hajavua, akatangaza, "Kuanzia leo sisi ni kampuni ya akili bandia." Nikamwuliza tubadilishe nini. Akasema, "Tangazo."

Ndivyo Zamu, kwenye boksi letu, ilivyogeuka kuwa Foleni Yenye Akili. Hakuna mstari wa programu uliobadilika. Taa yangu ya buluu ndiyo iliyofanywa ya zambarau.

Lakini kitu chenye akili hakina budi kuonyesha akili yake. Mkurugenzi akasema mashine yenye akili inamtambua mtu wa maana. Hapo ndipo kilipozaliwa Kitufe cha Waheshimiwa: mtu anaongeza malipo kidogo, anabonyeza, namba yake inapita mbele ya wote waliomtangulia. Ni wazo safi, Mama. Kila niliyemweleza alilipenda, hasa wale wasiopanga foleni.

Tukamwandikia binti yako aongeze kitufe. Akajibu siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijapata kutokea, na jibu lilikuwa hapana. Nikavuka tena barabara. Nilimkuta ameshika bisibisi ndogo kama sindano, akaiweka chini, akaniambia maneno ambayo nayanukuu ili ujue mwanao anavyoongea na watu wenye vyeo:

"Kaka, nilikaa na mama yangu kwenye benchi la zahanati tangu milango inafunguliwa. Mguu wake umevimba, kiatu hakiingii, amekishika mkononi. Kila tukikaribia dirisha, mlango wa pembeni unafunguka, anaingia mtu anayejuana na mtu. Dirisha lilifungwa sisi tukiwa wa pili. Mama hata hakulalamika. Alisema twende, kesho nayo ni siku. Mimi ndiye niliyelia, na niliporudi chuoni nikaandika Zamu. Haina kazi nyingine ile. Kazi yake ni kwamba aliyetangulia atangulie. Mkiweka mlango wa pembeni, mtakuwa na kila kitu isipokuwa Zamu."

Nilimpa pole, Mama, na sasa nakupa na wewe. Kisha nikamwuliza kama mguu ulipona. Akasema ulipona. Basi, kwa heshima zote, mguu umepona, zahanati ile pengine imeshapakwa rangi mpya, na wewe mwenyewe juzi kwenye simu ulisikika mwenye nguvu. Je, ni haki programu inayotumika kote huku iendelee kununa kwa ajili ya mguu uliopona?

Nilimkumbusha pia kwamba tumekuwa watumiaji wake waaminifu, kwamba hakuna kampuni iliyochota kwake kama sisi. Akasema, "Programu niliitoa. Mimi sikujitoa. Leseni inawaruhusu mbadilishe, badilisheni. Ila mkishabadilisha msiiite Zamu, na msinipigie." Halafu akaniuliza kama sikio langu la kushoto linasikia sawa, maana namwinamia sana mtu anapoongea. Mama, nilikwenda kudai kitufe, nikarudi na miadi ya kupimwa sikio.

5. Kwamba alikuja.

Utashangaa nalalamikia asipokuja na nalalamikia akija. Subiri uone.

Tulibadilisha wenyewe. Yaani Wingu aliiomba ile mitambo ya akili bandia imwandikie kitufe. Ikamwandikia kwa upole mwingi, ikamsifu kwa swali zuri, na sisi hatukuona haja ya kukijaribu kitu kilichoandikwa kwa adabu namna ile.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa wagonjwa wa nje wa ile hospitali inayotazamana na karakana yake. Kulikuwa na utepe, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya hospitali, ndani ya suti isiyokunjika. Kwa heshima ya siku hiyo mkurugenzi akaamuru kitufe kiwe bure.

Ah, binadamu! Hakuna aliyejiona si mheshimiwa. Mwenye jino alibonyeza. Mwenye kidonda alibonyeza. Aliyekuja kumsindikiza mgonjwa alibonyeza, mgonjwa wake naye akabonyeza, mlinzi naye akanyoosha mkono akabonyeza huku anatazama pembeni. Mashine ikajikuta na waheshimiwa watupu, kila mmoja anatakiwa kuwa wa kwanza. Ikafikiri. Taa ya zambarau ikawaka na kuzima. Kisha yule mwanamke asiyeonekana akaanza kuwaita wote, mmoja juu ya mwingine, dirisha namba moja, dirisha namba moja, dirisha namba moja, mpaka sauti yake ikawa kama ya mtu anayegombana na jirani.

Ukumbi mzima ukasimama. Viti vikaenda na vitambaa vyake. Mwenyekiti wa bodi alisukumwa mpaka kwenye mizani ya watoto, na mhudumu wa mizani, kwa mazoea, akaandika uzito. Mkurugenzi alipanda juu ya meza ya zawadi akipaza sauti, "Ni akili inajifunza! Iacheni ijifunze!" Mimi nilikuwa natafuta swichi. Wingu alikuwa anatafuta mlango.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefika kabla hata sisi hatujafunga utepe. Mtoto wake alikuwa anahema kwa shida, na msukumo ule ulimbana ukutani, namba yake ya kwanza kabisa ameikunja kiganjani. Muuguzi mkuu alimwona, akamtoa pale kwa mabega yake mwenyewe, akamkabidhi kwa daktari. Halafu akaja mbele ya mashine yetu. Skrini ilikuwa imeshakata tamaa, imeandika: "Kuna hitilafu. Nijulishe," na chini yake jina na namba ya binti yako. Tulifuta jina lake mahali pote, Mama, isipokuwa hapo. Hakuna aliyefikiri tutafika hapo.

Muuguzi akapiga. Ilikuwa saa ya chakula, binti yako yuko nje ya sifongo zake, akapokea. Muda si mrefu tukamwona anavuka barabara na koti la karakana, tumbo mbele, akiwapungia mkono madereva wampishe. Hakumsalimu mgeni rasmi. Alimsalimu muuguzi, akauliza mtoto yuko wapi, akaambiwa anapewa hewa na anaendelea vizuri. Ndipo akaketi sakafuni nyuma ya mashine, akaomba kibodi, akakitoa kitufe. Nilichungulia. Alikuwa anafuta tu. Hakuandika hata neno.

Yule mwanamke asiyeonekana akanyamaza, akakohoa kidogo kama mtu anayerudiwa na fahamu, akaita namba moja. Halafu mbili. Watu wakaanza kuokota viti. Binti yako akaomba maji, akanywa nusu, nusu akanawa mikono, akaondoka. Wagonjwa walimpigia makofi, hata yule wa jino, na mkurugenzi, akidhani anapigiwa yeye, aliinama kutoka juu ya meza.

Sasa sikiliza hasara. Mwenyekiti wa bodi naye alikuwa amechukua namba, kwa ajili ya picha. Namba yake ilikuwa ya mwisho. Muuguzi mkuu akamwambia, "Mheshimiwa, kaa hapo, utaitwa." Akakaa, maana suti ilikuwa imeshakunjika na hana tena cha kulinda. Alikaa kati ya mzee mwenye kikohozi na dada mwenye kidonda, wakaongea. Sijui walimwambia nini. Najua tu kwamba alipofika dirishani alikuwa anajua habari za hospitali yake ambazo bodi haijawahi kuletewa, na akasema mbele ya watu wote kwamba kitufe hakitaki, wala taa ya zambarau, wala hotuba.

Nauliza, kama mtu mzima kwa mtu mzima: nani alimwalika binti yako? Hakutuma ankara. Hakusaini kitabu cha wageni. Msaada usio na ankara una tofauti gani na uvamizi? Angetuacha tushindwe kwa heshima, kwa utaratibu wetu, na leo tungekuwa tunaandika ripoti.

6. Kwamba hana dhamana.

Baada ya siku ile mkurugenzi aliita mwanasheria. Mwanasheria akaifungua leseni ya Zamu, akasoma kwa sauti sentensi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: programu hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Tulishangaa sana. Miaka yote ilikuwa pale pale. Lakini nani anasoma leseni, Mama? Mtu hushuka nayo mbio mpaka chini, akabonyeza Nakubali, akaendelea na maisha. Mwanasheria akasema mtunzi hawajibiki kwa lolote, akafunga mkoba wake, akauliza chakula kinatolewa wapi.

Kila mtu alikata tamaa isipokuwa mimi. Nilikaa nikawaza. Programu hizi huitwa za chanzo huria. Chanzo cha Zamu ni binti yako, hilo halina ubishi. Na chanzo cha binti yako ni nani? Mama, kwa lugha ya kitaalamu, wewe ndiye chanzo cha chanzo. Ni wewe uliyemtoa. Nimechunguza, sijaona popote ulipoandika kwamba unamtoa kama alivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Kwa hiyo dhamana ipo, na iko kwako.

Kwa msingi huo, kampuni inakuomba mambo machache yasiyo mazito. Umwite binti yako, umkalishe, umweleze faida za kitufe. Umwambie apokee simu, hata akiwa sifongoni. Siku ya kujifungua ikifika, umpatie mkwe wako mafunzo mafupi ya Zamu ili mtu mmoja katika nyumba awe na mikono miwili iliyo wazi. Akikataa, tunaomba uzuie radhi zako kwa muda, si kwa ubaya, mpaka toleo jipya litoke. Na mwisho, usaini karatasi ya dhamana niliyoiambatisha, inayosema kwamba asipopatikana yeye, utapatikana wewe. Pa kusaini nimeweka alama ya kalamu nyekundu. Dereva wetu ataipitia.

Najua wewe ni mtu wa busara na hutaiangusha sekta nzima ya teknolojia kwa ajili ya mapenzi ya mzazi.

Nisalimie Baba, mwambie sina ugomvi naye, yeye hakutajwa kwenye leseni. Nisalimie mkwe wako; tunamkaribisha mafunzoni. Msalimie jirani yako mwenye duka aliyenipa namba yako ya simu baada ya kumwambia nina habari njema. Msalimie na yule fundi aliyekuwa anagonga bomba wakati tunaongea, natumaini maji yanatoka. Wote hapa wanakusalimu: mhasibu, mlinzi, Wingu, hata printa.

Wako katika ujenzi wa kesho iliyo bora,

Mkuu wa Kitengo cha Ubunifu
(sahihi na muhuri, muhuri umekosea kukaa, samahani)

N.B. Mama, naongeza haya kwa kalamu, nyuma ya karatasi.

Jana Jumapili nilizima simu. Nilikuwa nimefua, nimelala zangu. Kumbe mkurugenzi alikuwa ananitafuta kwa ajili ya mteja mmoja aliyetaka taa irudi ya buluu. Aliponikosa, akakumbuka ile siku alivyokaa akinisikiliza nikikupigia wewe. Akaona ni njia nzuri. Akampigia mama yangu.

Mama, hivi mtu mwenye akili timamu anaanzaje kumpigia simu mama wa mtu? Kumsumbua mzazi wa watu kwa mambo ya kazi! Huyu mtu amelelewa wapi? Nina kazi yangu, nina mkataba wangu, na Jumapili ni yangu, sikumwuzia mtu. Wala mama yangu hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Yeye kosa lake ni kunizaa tu!

Na mama yangu si kama wewe. Hakumwuliza kama amekula. Akisikia mtu anajiita mkurugenzi anasimama wima hata akiwa peke yake sebuleni. Amekubali yote. Amesema nitapatikana Jumapili zote na sikukuu. Dereva wa kampuni alimpelekea nakala ya ile karatasi ya dhamana, mama akasaini kwenye alama nyekundu. Kisha akamwongoza dereva mpaka mlangoni kwangu, akamfungulia kwa ufunguo wake wa akiba, wakanikuta na shuka.

Mkurugenzi amefurahi mno, amesema barua yako itumwe leo leo, na amesimama hapa mpaka nigundishe bahasha. Kwa hiyo inakuja. Lakini Mama, nakuomba kwa magoti yote mawili, usisaini. Dereva akija, mwambie akale kwanza.

Na ukipata nafasi, mpigie mama yangu. Namba yake naiandika hapa chini. Zungumza naye taratibu, mama kwa mama, umweleze jinsi mtu anavyosema hapana.